Fundi kakupa orodha ya vifaa vya kabati? Soma hapa kabla hujaenda dukani

Orodha za mafundi huwa fupi: "Bawaba 8, reli 3, vishikio 7, skrubu boksi moja." Ukifika Gerezani pale Kariakoo, au duka lolote la hadweya, muuzaji anauliza: bawaba zipi, nyoofu au za kupinda? Reli za inchi ngapi? Unampigia fundi, naye yuko juu ya ngazi kwa mteja mwingine, anakujibu "hizo hizo za kawaida". Jioni unarudi nyumbani na mfuko wa vifaa visivyoingia.

Kosa si lako. Majina ya vifaa hivi yametoka kila upande. Mengine ni ya zamani, ya milango na masanduku: bawaba, komeo, kitasa. Mengine ni Kiingereza kilichozoeleka: braketi, hendeli, rana. Mengine ni majina ya kampuni yaliyogeuka majina ya vitu. Fisha imetoka kwa kampuni ya Fischer ya Ujerumani, ambayo mwanzilishi wake, Artur Fischer, alibuni plagi ya plastiki ya ukutani mwaka 1958. Rolplagi imetoka kwa Rawlplug ya Uingereza. Minifiksi, kile kiungo cha kufichwa kinachounganisha mbao mbili za kabati, ni jina la biashara la kampuni ya Häfele. Matokeo yake neno moja hubeba vitu vitano, na kitu kimoja huitwa kwa majina matatu katika mtaa mmoja. Mwongozo huu unakupa majina utakayoyasikia, lakini zaidi unakupa vipimo vya kwenda navyo, kwa sababu milimita haina lahaja.

Chukua hivi kabla hujatoka

- Futi ya chuma yenye milimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Maduka hutumia zote mbili, wakati mwingine katika sentensi moja.
- Kipande cha mabaki ya ubao uliotumika, sentimita 10 hivi. Kinatosha mfukoni na kinamaliza ubishi mwingi.
- Kifaa cha zamani, kama unakarabati. Kifungue chote, pamoja na sahani yake na skrubu zake.
- Picha tatu kwenye simu: kabati kwa mbele, pembeni mlango ukiwa wazi, na mahali kifaa kinapokaa.
- Sumaku ndogo, hasa kwa wanaoishi karibu na bahari.
- Karatasi na penseli.

Hatua ya 1: Pima unene wa ubao

Anza hapa, kwa sababu urefu wa skrubu, aina ya minifiksi na hata kitasa vinategemea namba hii. MDF na chipbodi, yaani mbao za kiwandani za makabati, mara nyingi ni mm 16 au mm 18. Mbao ya mninga au mkongo iliyouzwa kama "inchi moja" ikishapigwa randa hubaki mm 20 hadi 22. Pima mwenyewe kwenye kipande ulichobeba. Pima pia ubao wa droo peke yake, maana mara nyingi ni mwembamba kuliko ubao wa mwili wa kabati.

Hatua ya 2: Tambua bawaba unayoihitaji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usiharakishe.

Bawaba ya kawaida ni ile ya mabapa mawili na pini katikati, ya milango ya vyumba na masanduku. Bawaba ya piano ni ndefu, hukatwa kwa msumeno wa chuma kwa urefu unaotaka, na inafaa mifuniko. Lakini fundi wa makabati ya kisasa akiandika "bawaba", karibu kila mara anamaanisha bawaba ya kikombe, ambayo wengine huiita hinji ya kabati au bawaba ya kujificha. Ina kikombe cha duara kinachozama mlangoni, mkono, na sahani inayofungwa kwenye ubavu wa kabati. Mlango ukifungwa huioni. Kikombe cha kawaida kina kipenyo cha mm 35. Zipo pia za mm 26 kwa milango myembamba na za mm 40 kwa milango minene, kwa hiyo weka futi juu ya kikombe kabla ya kulipa.

Sasa tazama mlango unavyokaa juu ya ubavu wa kabati:

a) Mlango unafunika unene wote wa ubavu, au karibu wote. Unahitaji bawaba nyoofu. Boksi huandikwa "Full Overlay".

b) Milango miwili inagawana ubavu mmoja wa katikati, kila mmoja unafunika nusu yake. Unahitaji bawaba ya nusu mpindo, "Half Overlay".

c) Mlango unaingia ndani ya fremu, uso wake unakuwa sawa na kingo za kabati. Unahitaji bawaba ya mpindo mkubwa, "Inset".

Boksi nyingine hazina maneno, zina namba ya mpindo tu: 0 ni nyoofu, 8 au 9 ni nusu, 16 na kuendelea ni mpindo mkubwa. Ukikosa boksi, itazame bawaba kwa ubavu. Mkono wa nyoofu umelala kama rula, wa nusu una kibonde kidogo, na wa mpindo mkubwa umeinuka kama nundu ya ng'ombe.

Tahadhari: usiombe "bawaba za ndani". Muuzaji mmoja ataelewa bawaba za kujificha, yaani za kikombe za aina yoyote. Mwingine ataelewa za mlango unaoingia ndani. Wote wawili wako sahihi na wewe ndiye utakayerudi dukani kesho. Sema: "Za kikombe cha 35, mlango unafunika ubavu wote."

Tahadhari ya pili: kabati moja linaweza kuhitaji aina mbili. Kabati lenye milango minne na ubao mmoja wa katikati lina milango miwili ya pembeni ya aina (a) na miwili ya katikati ya aina (b). Ukinunua nyoofu zote, milango ya katikati itagongana, na hakuna skrubu ya kurekebisha itakayokuokoa.

Baada ya hapo chagua sahani. Sahani ya klipu hukuruhusu kuutoa mlango kwa kubonyeza nyuma ya mkono. Ya slaidi hulegezwa kwa skrubu. Zote zinafanya kazi, ila usichanganye mkono wa kampuni moja na sahani ya nyingine; kwa macho zinafanana, zikifungwa zinacheza. Na ukitaja "slaidi" dukani, muuzaji anaweza kukuletea reli za droo.

Mwisho ni zile zinazojifunga taratibu, maarufu kama softi-klozi. Zina kizuizi kidogo cha mafuta juu ya mkono au ndani ya kikombe. Sukuma mkono wa bawaba dukani hapo hapo: ikirudi kwa "pa!", si softi-klozi, hata boksi liseme nini.

Hatua ya 3: Hesabu bawaba, kisha uliza maana ya "pea"

Mlango wa hadi sm 90 hutaka bawaba 2, hadi sm 160 hutaka 3, hadi sm 200 hutaka 4, na hadi sm 240 hutaka 5. Mlango ukiwa mpana kupita sm 60 au wa mbao nzito, ongeza moja.

Duka moja huuza kwa kipande, la pili kwa pea, la tatu kwa boksi. "Bawaba 8" kwa mteja ni vipande 8, kwa muuzaji wa jumla zinaweza kuwa pea 8. Andika neno "vipande" kwenye orodha yako.

Hatua ya 4: Reli za droo

Utasikia reli, rana, slaidi, chaneli, teleskopu. Chini ya majina yote hayo kuna vitu vitatu tu.

Reli ya gololi ni ya chuma, ina kimo cha mm 45 hivi, inafungwa ubavuni mwa droo na hutoka yote. Hii ndiyo "ya kawaida" ya siku hizi. Reli ya gurudumu ni ya bati lililopakwa rangi nyeupe au ya maziwa, ina gurudumu dogo la plastiki, na droo haitoki yote. Reli ya chini hujificha chini ya droo. Ni ghali na inadai droo ikatwe kwa vipimo vyake. Nyingi zimetengenezewa ubao wa droo usiozidi mm 16. Kama fundi ameshakata droo kwa mm 18, achana nayo.

Urefu huuzwa kwa inchi, kuanzia 10 hadi 22, kwa kuruka mbili mbili. Pima kina cha ndani cha kabati kutoka ukingo wa mbele hadi ubao wa nyuma, toa sm 1 au 2, kisha chukua reli ya karibu iliyo fupi kuliko hapo. Kabati la chini la jiko lenye kina cha ndani cha sm 54 huchukua inchi 20, ambazo kwenye boksi ni mm 500. Usipime droo ya zamani, kwa sababu huenda ilikuwa fupi kuliko nafasi yake.

Upana ndio unaoharibu kazi. Reli ya gololi ina unene wa mm 12.7 kila upande, kwa hiyo droo kwa nje lazima iwe nyembamba kuliko nafasi yake kwa mm 26. Nafasi ya mm 400, droo ya mm 374. Ikizidi kwa mm 2 tu, droo itakuwa nzito. Ikipungua kwa mm 4 au 5, gololi zitalegea na droo itayumba. Mpe fundi namba hii kabla hajakata, si baada.

Pea moja ya reli ni droo moja. Reli za gololi hazina kushoto wala kulia. Za gurudumu zinazo, na zimegongwa herufi: CL na CR hufungwa kwenye kabati, DL na DR kwenye droo, L ikiwa kushoto na R kulia. Kagua boksi kabla hujaondoka, maana CL mbili katika boksi moja si ajabu.

Tahadhari: unapoirudisha droo yenye reli za gololi, vuta kwanza ule ukanda mwembamba unaoshikilia gololi mpaka mbele kabisa ya reli ya kabati, kisha ingiza pande zote mbili pamoja. Ukilazimisha, gololi zitamwagika sakafuni na reli hiyo umeipoteza.

Hatua ya 5: Vishikio

Kishikio, hendeli, mkono: kitu kimoja. Kipimo kinachotakiwa ni umbali kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya jingine, si urefu wa kishikio chote. Namba za kawaida ni mm 96, 128, 160 na 192. Vishikio vya zamani vya inchi 3 vina mm 76, na havitalingana na yoyote kati ya hizo. Kama milango yako ina matundu hayo, tafuta kishikio chenye bapa la nyuma linaloyafunika, au ziba na utoboe upya.

Skrubu za vishikio ni M4. Zinazokuja kwenye pakiti mara nyingi ni mm 25, zinatosha mlango wa mm 18. Droo yenye uso wa pili, yaani ubao mwingine uliofungwa mbele yake, ina mbao mbili, mm 18 na 16, kwa hiyo nunua za mm 40 au 45.

Hatua ya 6: Komeo, kitasa, kufuli

Komeo ni fimbo ya kusukuma kwa mkono, bila ufunguo. Kitasa kina ufunguo na kimefungwa kwenye mlango au droo moja kwa moja. Kufuli linaning'inia na linatoka. Ukiandika "kufuli ya droo" utapewa kufuli la kuning'iniza. Kwa kitasa cha droo taja unene wa ubao: shingo ya mm 22 ni ya ubao wa 16 hadi 18, ya mm 32 ni ya mbao nene au uso wa mbao mbili. Tundu lake kwa kawaida ni mm 19. Sema pia kama ulimi unapanda juu au unakwenda pembeni.

Hatua ya 7: Rafu za ndani na za ukutani

Rafu ya ndani ya kabati hukaa juu ya pini. Tundu la kawaida ni mm 5, lakini baadhi ya kabati zilizoletwa kutoka Marekani zina robo inchi, na pini ya mm 5 itacheza humo. Chukua pini 4 kwa rafu, 6 kama rafu imepita sm 80 na ina ubao wa nyuma wa kuegemea.

Rafu ya ukutani inataka braketi. Mkono unaobeba rafu ufike angalau theluthi mbili ya upana wa rafu. Braketi ya bati yenye mikono miwili isiyolingana hufungwa mkono mrefu ukutani, mfupi chini ya rafu. Wengi hufunga kinyume kwa sababu inaonekana ndivyo. Kwa chipbodi ya mm 18 yenye vitabu, braketi zisiachane zaidi ya sm 60.

Kisha fisha, au rolplagi. Namba ya fisha ndiyo namba ya biti: fisha 8, biti ya zege ya mm 8. Ukuta wa tofali za saruji una lipu ya mm 12 hadi 20 juu yake, na lipu haibebi kitu. Fisha ya mm 8 kwa 40 izame mpaka yote iwe ndani ya tofali, na skrubu ya mm 5 iwe na urefu wa kuvuka braketi, lipu na fisha. Kwa kawaida hiyo ni mm 60 hadi 70.

Hatua ya 8: Skrubu

Muuzaji anaweza kusema "namba sita, tano kwa nane" na boksi likaandikwa 3.5 × 16. Ni kitu kimoja. Namba 6 ni mm 3.5, namba 8 ni takriban mm 4, namba 10 ni takriban mm 5. Bawaba na reli kwenye ubao wa mm 16 au 18 huchukua 3.5 × 16. Kuunga mwili wa kabati hutumia 4 × 40 au 4 × 50, toboa kwanza kwa biti ya mm 2.5 au 3.

Zile nyeusi ni za jipsamu. Ni rahisi, ziko kila mahali, na mafundi wanazipenda. Ni ngumu lakini hazipindi, hukatika shingo. Usifungie bawaba wala braketi.

Hatua ya 9: Iandike orodha upya

Mfano ni kabati la chini la jiko, MDF mm 18, milango 4 ya sm 72 yenye ubao mmoja wa katikati, droo 3 zenye uso wa pili:

- Bawaba za kikombe mm 35, nyoofu, softi-klozi, klipu: vipande 4
- Hizo hizo, nusu mpindo: vipande 4
- Reli za gololi inchi 20: pea 3
- Vishikio mm 128: 7, skrubu M4 × 25 nane na M4 × 45 sita
- Skrubu 3.5 × 16: 100. Bawaba zitakula 32, reli kama 40, zilizobaki ni za kupotea chini ya friji

Ukiwa Zanzibar, Tanga, Mombasa au popote upepo wa bahari unapofika, chuma kilichopakwa nikeli kitaanza kutu mapema. Omba chuma kisichoshika kutu, namba 304. Gusa mkono wa bawaba kwa sumaku: ikinata kwa nguvu, hiyo si 304. Springi ya ndani inaweza kunata, hiyo usiihesabu.

Kama utatoboa mwenyewe: katikati ya tundu la kikombe iwe mm 22 kutoka ukingo wa mlango, kina mm 12 hadi 13, na sm 8 hadi 10 kutoka juu na chini. Katikati ya skrubu za sahani iwe mm 37 kutoka ukingo wa mbele wa ubavu. Kwa mlango unaoingia ndani, ongeza unene wa mlango: kwa mm 18 ni mm 55.

Mambo yakienda kombo

*Milango miwili inagusana.* Zungusha skrubu ya mkono wa bawaba iliyo karibu na mlango. Inausogeza mlango kushoto au kulia kwa milimita chache. Ikifika mwisho na milango bado inagusana, una nyoofu mahali pa nusu mpindo. Rudi Hatua ya 2.

*Mlango unafunika nusu tu ya ubavu na kuacha ukingo wazi.* Kinyume chake: umefunga nusu mpindo mahali pa nyoofu.

*Mlango unasugua ubavu au unajifungua sentimita moja.* Sahani imekaa nyuma mno. Legeza skrubu ya nyuma ya mkono, vuta mlango mbele kidogo, kaza. Kama haitoshi, hamisha sahani.

*Mlango umeshuka.* Matundu ya sahani ni marefu makusudi: legeza, pandisha, kaza. Ukishuka tena baada ya wiki, bawaba ni chache.

*Skrubu inazunguka bila kushika.* Chipbodi imemomonyoka. Jaza tundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, acha ikauke usiku kucha, kata, funga tena kwa mkono. Drili yenye nguvu ndiyo iliyoharibu mara ya kwanza.

*Droo ni nzito kwenda na kurudi.* Pima nafasi mbele na nyuma. Zikitofautiana kwa zaidi ya mm 1, reli haziko sambamba. Weka ukanda mwembamba wa fomaika nyuma ya reli upande uliopanuka. Angalia pia vichwa vya skrubu: kimoja kilichochomoza kinatosha kukwaruza njia yote.

*Softi-klozi ya droo haivuti.* Sukuma droo mpaka mwisho kwa nguvu mara moja, ili ndoano ishike kipini chake. Isiposhika, tazama kama uso wa droo unagusa kabati kabla reli haijafika mwisho, kisha sogeza reli nyuma mm 2 au 3.

*Rafu ya ukutani inainamia mbele.* Vua braketi uvute fisha. Ikitoka na unga wa lipu mtupu, haikufika kwenye tofali. Toboa tundu jipya angalau sm 5 kutoka la zamani, na safari hii endelea mpaka fisha yote izame ndani ya tofali.